Laini ya Sabini na Sita

Siku walipoing'oa swichibodi ya zamani, Florian Masatu ndiye aliyemwonyesha fundi skrubu zilipo. Alizijua zote kumi na nne kwa vidole, mbili zikiwa nyuma ya ubao ambako hata mwenye macho asingezikuta kirahisi. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa mbele ya ile meza ya matundu na kamba, tangu jengo lilipokuwa la shirika la pamba. Shirika likafa, kampuni ya minofu ya sangara ikanunua majengo, na Florian, kama alivyopenda kutania, akanunuliwa humo humo pamoja na makabati na panya wake.

Alikuwa haoni. Surua ilimchukulia macho akiwa na miaka minne, na serikali ya enzi zile, ambayo leo watu wanaisema vibaya kwa kila jambo, ilimpeleka Dar es Salaam akafundishwa uopareta. Simu ikiingia, kibati kidogo cha shaba kilidondoka, tak! Florian alijua kwa mlio tu ni kibati cha nani, na kabla hakijatulia kamba ilikuwa imeshachomekwa.

"Nipishe kidogo, Mzee," alisema Hasani, fundi aliyeletwa kutoka Mwanza kufunga simu mpya na faksi. "Hii takataka ina uzito!"

Takataka. Florian akasogea. Aliisikia ikiburutwa sakafuni, ikagonga fremu ya mlango, ikatoka. Mahali pake pakawekwa kisanduku cha plastiki chepesi kuliko redio, chenye vitaa ambavyo yeye hakuwa na shida navyo. Kuanzia siku hiyo kila ofisa angejipokelea simu mezani kwake, na anayetaka kupiga nje angebonyeza namba ya siri.

"Sasa, faksi haitaki mkwaruzo," Hasani akaendelea. "Ikipata mkwaruzo inakata karatasi katikati. Hapa mna laini mbili, ya sabini na sita na ya sabini na saba. Ipi safi?"

Swali lile aliulizwa Bwana Alawi, ofisa utawala, lakini Bwana Alawi hakujua. Florian angeweza kukaa kimya na yeye, au akataja ile mbovu, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angemgundua. Lakini ilikuwa miezi tangu mtu yeyote pale amuulize jambo la kazi yake, na kifua kikamjaa.

"Sabini na sita," akasema. "Hii sabini na saba, mvua ikinyesha tu Nyamatare, inalia humo ndani kama mahindi yanakaangwa. Sabini na sita unamsikia mtu mpaka anavyomeza mate."

"Umeona, Bosi?" Hasani akacheka. "Fundi ni huyu, mimi nabeba begi tu."

Wakacheka wote watatu. Florian ndiye aliyecheka zaidi.

Cheko lilipokwisha ndipo akakumbuka kuuliza. "Na mtu akinipigia mimi kwa hiyo hiyo sabini na sita?"

"Itaita kwanza, Mzee. Unainua. Kama ni mtu, unaongea. Kama ni filimbi, unabonyeza hapa." Akamshika kidole akakiweka juu ya kitufe cha mwisho, upande wa kulia. "Basi, karatasi inajitokea yenyewe."

Ilibidi aulize. Kwa watu wa Majita na visiwani, sabini na sita ilikuwa ndiyo simu yao, hawakuwa na nyingine. Aliyeko Mwanza au Dar akiwa na neno la kufikisha kijijini alimpigia Florian, na Florian alimpa nahodha pale gati ya Mwigobero, au mama anayerudi kisiwani Rukuba na magunia matupu ya dagaa. Hakuna bosi aliyempa kazi hiyo, na hakuna aliyewahi kumkataza. Kwa habari za msiba alikuwa na utaratibu wake. Hakutamka lolote kabla hajauliza, "Uko na nani hapo karibu?" Mtu akisema yuko peke yake, Florian alimwambia akamwite jirani kwanza. Sentensi ile ilishazoeleka. Wengine walianza kulia wakiisikia tu.

Lakini siku hiyo ya Jumatatu hakuwa anawafikiria watu wa Rukuba. Alikuwa anamfikiria Marcelina, mke wake.

Marcelina aliondoka Jumamosi kwa basi la asubuhi kwenda hospitali Mwanza, tumbo limemvimba upande mmoja, na mkononi amebeba barua ya matibabu ya kampuni. Barua ile ilisema kwamba gharama za mke wa mfanyakazi Florian Masatu zitalipwa na kampuni. Pelagia, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa Kiabakari na alikuwa bado mzazi wa siku chache, kwa hiyo aliyekwenda kumuuguza ni Jeska, mdogo wake Marcelina, ambaye alimngoja njiani Bunda.

Pale stendi Marcelina alikuwa amemshika mume wake mkono wa shati, kama alivyozoea.

"Baba Pelagia, usije ukaacha kazi eti unanifuata. Hapo kazini kwenu wanatafuta watu wa kupunguza. Ukipunguzwa, hii barua inakuwa karatasi ya kufungia karanga."

"Sitaacha."

"Kukiwa na neno, Jeska atakupigia. Saa sita na robo, mnakuwaga mmetulia saa hizo. Ukiona kimya, ujue ninakunywa uji wa bure na kunenepa."

"Na wakisema wakupasue?"

"Hawanigusi mpaka nikusikie. Nitawaambia hivyo hivyo." Akacheka, halafu akashika ubavu kwa maumivu. "Mimi si nilikukubaligia kwenye simu, nikiwa karani wa ghala pale Bunda? Sura nilikuja kuiona baadaye, nikasema basi, maji nimeshayavulia nguo. Kwa hiyo jambo kubwa nataka simu."

Basi likapiga honi. Mkono ukatoka kwenye shati.

Jumatatu hiyo hiyo, saa tisa alasiri, sabini na sita ikaita. Florian, aliyekuwa amepewa meza ndogo kando ya faksi na kazi ya kugonga mihuri kwenye bahasha, akainua kwa mazoea ya miaka kumi na tisa.

"Halo, Musoma hapa, tukusaidie?"

Ikampigia filimbi sikioni. Akabonyeza kitufe cha mwisho upande wa kulia. Mashine ikanguruma, ikatoa karatasi, ikakata. Ilikuwa oda ya wanunuzi wa Ulaya, na nusu yake ya chini, yenye idadi ya tani na tarehe ya ndege, haikutoka.

Bwana Alawi aliingia anahema. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lazima lisemwe. Alikuwa mtu mwenye hofu, maana orodha ya watakaopunguzwa ilikuwa itoke Ijumaa, na maofisa utawala walikuwa wawili wakati kiti kilikuwa kimoja.

"Nani aligusa hii mashine?"

"Mimi, Bwana Alawi. Iliita, nikainua. Fundi alisema..."

"Fundi amesharudi Mwanza! Mkurugenzi ananiuliza mimi, hamuulizi fundi." Florian akasikia kidole kikibonyeza vitufe, pi, pi, pi. "Haya. Kuanzia sasa inapokea yenyewe. Ikiita mara mbili inachukua. Hakuna wa kuinua, hakuna wa kugusa. Umenielewa, Mzee?"

"Nimeelewa. Lakini ile laini kuna watu wananipigiaga."

"Watu gani? Hii ni ofisi, siyo gati ya Mwigobero."

"Mke wangu yuko hospitali Mwanza. Namba anayoijua ni hiyo."

"Atapiga sabini na saba," Alawi akasema.

"Haijui."

"Sasa mimi nifanyeje, Mzee Florian?" Sauti ilishuka, ikawa karibu ya kuomba. "Ukigusa tena na oda ikakatika, jina lako mimi siwezi kulitetea. Nakwambia kama ndugu."

"Basi unipigie wewe huko Mwanza. Dakika tatu tu, niwape hiyo sabini na saba."

"Simu za nje zina namba ya siri, na kila dakika inaandikwa. Andika memo, nitampelekea mkurugenzi."

Florian aliandika. Alikaa kwenye taipureta ya zamani, akaandika mistari minne isiyo na kosa hata moja, yeye asiyeona herufi alizogonga, kuomba dakika tatu za kuzungumza na hospitali. Alawi akaichukua, akasema imekaa vizuri sana.

Jumanne, saa sita na robo, sabini na sita ikaita.

Ikaita mara mbili. Kisha ikabofya, ikapiga filimbi ndefu, ikasikiliza, ikapiga tena, ikanyamaza. Karatasi haikutoka.

Florian aliacha muhuri juu ya bahasha. Oda zilikuwa zinaingia alasiri au jioni. Ulaya saa hizo bado ni asubuhi. Na faksi ikiisikia faksi mwenzake, zinasalimiana na karatasi inatoka. Hii haikusalimiwa na kitu. Upande wa pili alikuwepo mtu.

Atakuwa mtu wa Rukuba, alijiambia. Atakuwa mtu anauliza bei ya nyavu. Watu wangapi wanaijua ile namba? Mia. Mia mbili. Akaokota muhuri. Alijipa sababu zote hizo, na huku saa ya ukutani, aliyoijua kwa sauti, ndiyo kwanza imetoka kugonga robo.

"Memo yangu, Bwana Alawi?" aliuliza jioni.

"Iko mezani kwa mkurugenzi."

Jumatano ikaita tena, saa ile ile. Mlio wa kwanza ulimkuta Florian amesimama. Mlio wa pili ulimkuta ameunyoosha mkono. "Mzee!" alisema Alawi kutoka mlangoni, taratibu tu, kama anavyoitwa mtoto aliyekaribia jiko. Mkono ukarudi. Mashine ikapiga filimbi yake yote hadi mwisho, na wanaume wawili wakaisikiliza.

"Si unaona," Alawi akasema. "Ni ya faksi."

"Karatasi iko wapi?"

Viatu vya Alawi vikaondoka koridoni.

Alhamisi alikuwa peke yake. Alawi alikuwa kwenye kikao cha orodha, na Mama Wegesa, mama wa chai, alikuwa ameshakusanya vikombe akaenda. Saa sita na robo Florian alikuwa tayari amekaa karibu, na mlio wa kwanza ulipopiga akaweka kiganja juu ya mkono wa simu. Aliusikia ukitetemeka. Hakukuwa na Alawi, hakukuwa na mtu wa kumwita Mzee. Ilikuwa ni kuinua tu.

Aliifikiria barua ya matibabu. Aliifikiria oda ya pili ikikatika, jina lake likiongezwa kwa kalamu chini ya orodha, na hospitali ikiambiwa huyu siye wetu tena. Marcelina kitandani, anaambiwa aondoke. Usije ukaacha kazi, alisema mwenyewe. Alisema mbele ya watu, stendi nzima ilisikia.

Mlio wa pili. Akabana midomo. Mashine ikabofya chini ya kiganja chake, ikapiga filimbi, na yeye akabaki ameishika hivyo hivyo hadi ilipopoa.

Ijumaa asubuhi orodha ikabandikwa ukutani. Watu walijazana koridoni, mmoja akacheka sana bila sababu. Florian alisimama pembeni na fimbo yake mpaka Mama Wegesa alipomshika bega.

"Nimesoma juu mpaka chini, Mzee. Haumo. Nimerudia mara mbili, haumo. Umepona!"

"Asante, Mama."

"Mimi nimo," Mama Wegesa akasema, "lakini mimi nina shamba langu Butiama. Nitalima."

Florian akamtafuta mkono, akamshika, wakasimama hivyo koridoni watu wanawapita.

Saa nne Alawi akaja, na sauti yake ilikuwa nyepesi kama ya mtu aliyevuka mto. Na yeye hakuwemo. Akamwekea karatasi mkononi.

"Memo yako imesainiwa. Dakika tatu, leo saa kumi jioni. Nitakubonyezea mwenyewe namba ya siri. Si nilikwambia ufuate utaratibu?"

Kweli Florian alifurahi. Nani asingefurahi? Kazi ipo, barua ina nguvu, na saa kumi angemsikia mke wake. Saa sita na robo sabini na sita haikuita, naye akapata faraja kwa kimya kile. Si walikubaliana? Kimya maana yake anakunywa uji. Akagonga mihuri kwa nguvu mpaka bahasha zikaisha, huku anapanga maneno, maana dakika tatu ni chache. Angeanza na utani. Angemuuliza amenenepa kilo ngapi.

Saa tisa na nusu akasikia ndala koridoni. Alizijua. Jeska alikuwa na mwendo wa kuburuta mguu wa kushoto tangu utotoni. Florian akainuka, tabasamu limeshafika usoni, maana wazo lake la kwanza, Mungu amsamehe, lilikuwa kwamba wamerudi wote.

Ndala zilikuwa jozi moja.

"Shemeji," Jeska akasema. Akasimama. Harufu ya basi na vumbi ilikuwa imemganda. "Shemeji, uko na nani hapo karibu?"

Miaka kumi na tisa alikuwa ameisema ile sentensi kwa watu wengine. Hakuwahi kujua inavyofika. Alitafuta kiti kwa mkono, kiti kilikuwepo pale pale alipokiacha, lakini mkono haukukipata.

"Niko peke yangu," akasema.

Jeska akaja, akamkalisha, akapiga magoti mbele yake na kumshika mikono yote miwili.

"Leo alfajiri. Wanamleta kwa lori, linapitia Bunda, kaka zetu wanapanda nalo huko. Mimi nimetangulia kukwambia. Nilisema simu haitafika, bora nije kwa miguu yangu."

Friji za minofu ziliendelea kunguruma huko kiwandani. Florian alilia bila kelele, anajifuta kwa mkono wa shati, ule ule.

"Waliniambia Jumanne apasuliwe," Jeska akasema. Maneno yalikuwa yamemlemea njia nzima, sasa yanatoka. "Daktari alisema utumbo umejifunga, haufai kungoja. Dada akakataa. Akasema mpaka amsikie Baba Pelagia. Wauguzi wakamruhusu nikamkokota mpaka kibanda cha simu hapo nje getini, tukapiga. Kunapiga filimbi. Mwenye kibanda anasema laini yenu mbovu. Dada anasema hapana, kesho atapokea, huyo hakosagi. Jumatano hivyo hivyo. Nikamwambia dada, kubali tu, shemeji hatakasirika. Hataki! Anasema sauti yake tu nikiisikia hata neno moja, wanipeleke. Alhamisi hakuweza kutembea, nikaenda peke yangu. Filimbi. Jioni akakubali mwenyewe, lakini daktari alipofungua..."

Florian aliuliza, na sauti yake ilikuwa ile ya kazini, tulivu. "Ilikuwa inaita mara ngapi kabla ya filimbi?"

"Mara mbili, shemeji. Kwa nini?"

"Saa sita na robo."

"Si ndiyo tulivyokubaliana? Nyie mlikuwa hamuisikii huku? Ilikuwa imeharibika?"

Ile laini ilikuwa safi kuliko zote mkoani. Yeye ndiye aliyesema. Aliwaza kumwambia Jeska kwamba ndiyo, ilikuwa mbovu, mambo ya mafundi, na Jeska angeamini na ndugu wote wangeamini, na msibani watu wangelaani mashine. Mdomo ulifunguka kwa ajili ya uongo huo. Badala yake akanyoosha mkono, na kabla haujanyooka wote vidole vikagusa plastiki.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilikaa hapa. Nilikuwa naisikia."

Jeska hakuelewa. Kisha akaelewa. Mikono yake, iliyokuwa imeishika ya Florian, ikalegea. Haikutoka, ila ililegea, na hilo Florian hakulisahau maisha yake yote.

Saa ya ukutani ikagonga kumi. Bwana Alawi akatokea mlangoni kama alivyoahidi, ana kikaratasi chenye namba ya siri, akamkuta mwanamke sakafuni na mzee analia, akabaki pale pale.

Ndipo sabini na sita ikaita.

Mara moja. Florian alisimama. Hakuna aliyesema Mzee. Kabla ya mlio wa pili kwisha alikuwa ameshainua mkono wa simu na kuuweka sikioni.

"Halo," akasema. "Musoma hapa. Florian anaongea."

Filimbi ikamjibu kutoka Ulaya, kali, haina pumzi, inangoja mashine mwenzake. Akaiacha ipige. Alitega sikio kwa makini, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa anawasikiliza watu wa visiwani ambao sauti zao zilifika kwa tabu.

"Ongea tu," akasema taratibu. "Nakusikia."

Bwana Alawi alikikunja kikaratasi mara mbili, akakitia mfukoni, akaurudisha mlango.